Kasha la amplifaya: itazame barabara kwanza

Harusi ilikuwa Siaya, nasi tulitoka Kisumu alfajiri. Amplifaya yangu ya gita, ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), wati 40, niliivika mfuko wa kitambaa wenye sponji nyembamba, nikaisukuma nyuma ya matatu kati ya ngoma na nyaya. Tukapita Maseno, tukakata kona Luanda, na kila tuta tulilisikia mgongoni. Kufika, nafungua mfuko, naona nje hakuna hata mkwaruzo. Nawasha: kimya. Valvu moja ilikuwa imechomoka kwenye soketi, nyingine kioo kimepasuka. Ikabidi gita la solo nilichomeke moja kwa moja kwenye mikisa. Anayeijua benga, muziki wetu wa gita, anajua kwamba solo ikikonda, wimbo mzima hulegea. Bibi harusi aliingia kwa sauti ile iliyokonda, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Wapiga gita wengi huniuliza kasha gani linafaa, na karibu wote huanza kwa kunitajia bei ya amplifaya yao. Mimi huwauliza wanasafiri vipi. Ukiwa na gari lako, na shoo zako ni za hapa mjini Kisumu, kati ya mitaa ya Milimani na Kondele, mfuko mnene wa kitambaa unatosha. Utazuia vumbi, manyunyu na mikwaruzo. Lakini hauzuii mtikiso, na hauwezi kubeba spika itakayowekwa juu yake na makanga mwenye haraka. Kwa safari za Busia, Bondo au Kakamega, tafuta kasha la mbao.

Uzito ndio huwashinda wengi. Tuseme amplifaya yako ina upana wa sentimita 60, kimo 48 na kina 27, na umeacha nafasi ya sponji ya sentimita 2.5 kila upande. Kasha la plaiwudi ya milimita 9 litakuwa na kilo 8 hadi 9 za mbao tupu. Ukitumia ya milimita 12 zinafika kama 11, kabla ya pembe za chuma, makomeo na magurudumu. Amplifaya yenyewe ikiwa na kilo 20, unabeba zaidi ya 30. Mwenye amplifaya nzito kama Fender Twin Reverb au Vox AC30, ambazo peke yake ni kama kilo 30, asithubutu kutengeneza kasha lisilo na mishikio miwili, ili libebwe na watu wawili. Mimi nashikilia milimita 9 yenye pembe za alumini. Bao moja la futi 8 kwa 4 linatosha na kubaki.

Umbo nalo lina maana kuliko watu wanavyodhani. Usikubali sanduku refu linalofunguka juu, kwa sababu itakubidi uinamie ndani na kuinua kilo 20 kwa kiuno. Mwambie fundi atengeneze kitako kifupi chenye magurudumu, na kifuniko kirefu kinachovuliwa kwenda juu kama sufuria iliyopinduliwa juu ya sahani. Ukikivua, amplifaya imebaki imesimama tayari. Magurudumu yawe makubwa, kipenyo cha milimita 100, na mawili yawe na breki. Yale madogo huzama kwenye murram, yaani barabara ya changarawe. Na hata hayo makubwa ni ya sakafu laini; kwenye mawe beba, maana kuburuta ni mtikiso uleule uliokuwa ukiukimbia.

Sponji: usitumie ile laini ya godoro chini. Uzito huikandamiza mpaka inakuwa kama karatasi, na amplifaya inakaa juu ya mbao. Tumia sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya mazoezi. Soko la mitumba la Kibuye, hapa Kisumu, mara nyingine huwa nayo. Kwa nyuma, kama amplifaya yako ina mgongo wazi, sponji iguse kingo za mbao pekee, isisukume valvu. Na hakikisha kila valvu ina kishikio chake cha springi. Hicho ni kitu kidogo sana, na kingeniokoa Siaya.

Pima amplifaya ukihesabu mshikio na vitufe, maana vitufe vilivyochomoza ndivyo huvunjika kwanza.

Baada ya shoo, subiri valvu zipoe angalau dakika 15 kabla ya kufunika. Kioo cha moto hakipendi kugongwa. Kasha likinyeshewa, liache wazi likauke usiku kucha. Karibu na ziwa hewa ina unyevu, na sponji iliyolowa hutia kutu kwenye skrubu na soketi.

Kwenye matatu mimi hulipia kiti cha karibu na katikati ya gari, nikaweka kasha hapo likiwa limesimama na kufungwa mkanda. Nyuma ya tairi za nyuma hurusha sana. Juu ya keria siweki, hata mvua isipokuwepo.