Jibu: Kushona kibofu cha mbwa, tabaka moja au mbili?

Waalaikumu salaam daktari, pole na kazi huko Wete. Nimekufahamu hivi, unataka kumtoa mbwa mawe ya kibofu cha mkojo, ukuta wa kibofu umevimba mnene, hujui ushone tabaka moja au mbili za kukunjia ndani, na mkononi una uzi wa hariri tu.

Hariri weka kando kabisa. Haiyeyuki, ikitokeza ndani mawe mapya yanajijenga juu yake na mbwa anarudi palepale. Agiza Dar uzi unaoyeyuka usiosukwa, polidioksanoni, unene wa 3-0 au 4-0.

Tabaka moja yatosha, mie ndivyo ninavyofanya. Ukuta mnene ukiulazimisha kukunjika nyuzi zinakata nyama na nafasi ya mkojo inapungua, kwa hiyo kutanisha kingo kwa kingo tu, mshono wa kuendelea au wa fundo moja moja, lakini hakikisha sindano imeshika sabmukosa, yaani tabaka gumu lililo chini ya ngozi laini ya ndani ya kibofu, maana nguvu yote iko hapo, ukishika nyama ya juu peke yake utaachia. Kibofu kinapona haraka sana, wiki 2 mpaka 3 kimeshakaza.

Kabla hujafunga angalia kwanza shingo ya kibofu, sukuma maji ya dripu kwa mpira wa mkojo mpaka uhakikishe hamna jiwe lililobaki njiani. Ukishashona kijaze taratibu, pakivuja ongeza fundo, halafu kifunike na utando wa mafuta wa tumboni (omentamu).

Huo ukuta sijauona, kama pana pahala pamekufa pakate kwanza. Tuwekee picha.