Suruali imekuwa fupi, kocha anasema ni uvivu

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mwanangu ana miaka 13, anacheza winga timu ya mtaa huku Mikindani. Suruali ya shule niliyomnunulia mwezi wa kwanza saivi iko juu ya enka. Shida ni kwamba mpira umemkataa ghafla, anajikwaa mwenyewe, pasi ovyo, afu chini ya goti kaota kinundu kinauma akikigusa. Kocha anasema mvivu, kawaongezea mbio za mchangani ufukweni na kurukaruka huku kila mtu kabeba mwenzake mgongoni. Wapo wenye ndevu na wapo kama wa darasa la tatu, wote dozi moja. Nimtoe?
Mama Winga

JIBU: Salama dada. Usimtoe, kinachotakiwa kutoka ni hiyo dozi. Suruali imeshakujibu, mtoto yupo kwenye kurefuka. Wavulana wengi kasi hiyo inafika kileleni karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12, ila kuna anayewahi na kuna anayechelewa sana, ndo maana vyeti vya kuzaliwa vinalingana na miili hailingani kabisa.

Mfupa ukirefuka haraka misuli inabaki nyuma, inavutika, na ile kano ya goti inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa, hapo ndo kinundu kinapotokea. Madaktari wanaita Osgood-Schlatter, jina kubwa tu, mara nyingi maumivu yanaisha akimaliza kukua ila kuruka sana kunayachochea. Kujikwaa nako sio uvivu jamani, mtu kazoea baiskeli ndogo leo umempa Phoenix ya babu yake, lazima ayumbe kwanza.

Mpime urefu kila miezi mitatu, bila viatu, weka alama ya penseli mlangoni. Akipanda kwa kasi kocha apunguze mchanga na kuruka, na kubebana mi ningefuta kabisa, mtu sio gunia la korosho. Muda huo apewe mpira: kutuliza, pasi, kusimama mguu mmoja. Masaa ya mazoezi na mechi kwa wiki yasizidi miaka yake, yaani 13, ukijumlisha na ya shule (hapo ndo wengi mnasahau, mchana shule jioni mtaa), na apate siku moja au mbili za kupumzika kweli.

Kocha mwambie kwa upole, mazoezi mengine awapange kwa miili badala ya umri. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zimeshachezesha vijana hivyo. Na wale wadogo asiwatupe benchi, hawajaisha, wamechelewa tu.

Ila goti likivimba, akichechemea au maumivu yakimwamsha usiku, hapo nenda hospitali ya Ligula akaonwe na daktari. Na suruali nyingine nunua yenye pindo refu, bado anapanda huyo.