Usimwambie Mgeni Yeye Ni Nani

Kwa wadogo zangu mnaoanza kuongoza wageni huku Nyanda za Juu za Uskoti

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye kona ya duka la zawadi na kikombe changu cha chai, namsikiliza kijana wetu mmoja akimhudumia mama wa Kimarekani. Kijana ana wiki ya tatu kazini. Ana adabu, ana sauti nzuri, wageni wanampenda. Akaiendea ile orodha ya majina iliyobandikwa ukutani, akashusha kidole mpaka herufi M, akasema kwa furaha kabisa: "Hii hapa, MacGregor! Hii ndiyo nembo ya familia yako." Akamkabidhi sahani yenye ngao ya fedha, mti uliong'olewa pamoja na mizizi yake, upanga uliopita mkingamo juu ya mti, na taji kwenye ncha ya upanga. Mama akalipa. Chai ikanipalia.

Sikumsemesha mbele ya mgeni. Lakini kosa hilo nimelisikia kwa kila kundi jipya tangu nianze kazi hii, na kila mara nasema nitaandika, siandiki. Leo naandika. Someni mpaka mwisho, halafu mniletee maswali.

1. Ngao ni ya mtu, si ya jina.

Uskoti hakuna kitu kinachoitwa nembo ya familia. Ngao ni mali ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, kama shamba lenye hati. Anayesimamia ni Lord Lyon pale Edinburgh, na msidhani ni cheo cha maonyesho tu: ile ni mahakama kamili, ina mwendesha mashtaka wake, na daftari lake la nembo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1672. Kutumia ngao ya mwenzako ni kosa kisheria. Ile ya mti na upanga ni ya mkuu wa ukoo wa Gregor peke yake. Hata mwanawe wa kwanza haibebi akiwa hai baba yake bila kuongezewa alama ya kuitofautisha. Kuwa mpwa wa mwenyekiti wa kijiji hakukupi ruhusa ya kugonga muhuri wake, na hapa ni vivyo hivyo.

Mwanaukoo wa kawaida anaruhusiwa kuvaa beji: kresti ya mkuu, yaani ile alama inayokaa juu ya kofia ya chuma, ikiwa imezungushiwa mkanda wenye bizimu na maneno ya mkuu. Ule mkanda ndio unaosema "mimi ni mtu wa fulani". Kwa MacGregor ni kichwa cha simba chenye taji, na maneno ya Kigaeli 'S rioghal mo dhream, wa kifalme ndio uzao wangu. Mkuu mwenyewe havai mkanda. Anavaa duara tupu na manyoya matatu ya tai nyuma yake. Mkuu wa tawi la ukoo ana mawili, mwenye nembo yake mwenyewe ana moja, na sisi wengine hatuna hata moja. Mkiona mzee kwenye michezo ya Nyanda za Juu ana manyoya matatu kofiani, acheni kutafuna, simameni vizuri.

2. Kulia kwa ngao ni kwa yule aliyeishika, kwa hiyo kwako unayeitazama ni kushoto. Na dhahabu haiwekwi juu ya fedha, wala rangi juu ya rangi.

3. Tartani, ile nguo ya mistari ya miraba inayovaliwa na koo. Usimwambie mgeni kwamba babu yake alivaa mistari hii hii kwenye vita vya Bannockburn mwaka 1314. Mavazi ya Nyanda za Juu yalipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, marufuku ikaondolewa 1782, na ilipofika 1815 ndipo wakuu wa koo walipoombwa rasmi wapeleke sampuli za tartani zao London. Wengine ilibidi waulize kwanza ni ipi. Nguo ni nzuri na watu wameililia. Haihitaji uongo wetu.

4. Culloden. Vita vya tarehe 16 Aprili 1746 havikuwa vya Waskoti dhidi ya Waingereza; vilikuwa vya waasi dhidi ya serikali. Upande wa serikali kulikuwa na vikosi vya Waskoti na wanamgambo wa Argyll, wengi wao Wacampbell, ukoo wa Kiskoti. Yale mawe yenye majina ya koo yaliwekwa mwaka 1881, kwa hiyo usimwonyeshe mtu jiwe ukasema babu yake wa tano amelala hapo chini kabisa. Nilimwona mwongozaji mmoja akipiga magoti kwa niaba ya mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa bado anatafuta maegesho.

5. Jina.

Hii ndiyo iliyonikalisha chini kuandika, na itakuwa ndefu. Mnivumilie.

Habari za mwaka 1603 mnazo kwenye karatasi zenu za mafunzo, ila mnazisoma kama ratiba ya treni. Zisomeni polepole. Wana wa Gregor, yaani MacGregor, walikuwa na mabonde yao, Glenorchy na Glenstrae, waliyoyashika kwa upanga na kwa ukaaji wa karne nyingi. Wacampbell walikuwa na karatasi. Hati baada ya hati, ardhi ikawahama wale watu wakiwa wamelala humo humo. Mtu asiye na ardhi huishi kwa ng'ombe wa jirani, na jirani hulalamika. Tarehe 7 Februari 1603, kwenye bonde la Glen Fruin karibu na Loch Lomond, MacGregor waliwapiga Wacolquhoun, ukoo jirani, kipigo kibaya sana. Mfalme James VI wa Uskoti alikuwa anafunga mizigo kwenda London kurithi kiti cha Uingereza, maana Malkia Elizabeth alikuwa amefariki mwezi Machi. Kabla hajapanda farasi, tarehe 3 Aprili, jina la MacGregor likafutwa. Ukiitwa hivyo, unauawa. Baadaye zikaja amri nyingine: wasikutane zaidi ya wanne, wasibebe silaha isipokuwa kisu kisicho na ncha cha kukatia nyama. Mkuu wao, Alasdair wa Glenstrae, alijisalimisha kwa ahadi ya Earl wa Argyll, mkuu wa Wacampbell, kwamba atafikishwa salama ardhi ya Uingereza. Akafikishwa kweli, akavushwa mpaka, akageuzwa palepale na kurudishwa. Januari 1604 walimnyonga Edinburgh, wakamtundika juu zaidi ya wenzake.

Waliobaki wakajificha ndani ya majina ya majirani. Wakawa Murray, Grant, Stewart, Campbell, Drummond. Marufuku ikaondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikaondoka moja kwa moja 1774. Piga hesabu mwenyewe ni vizazi vingapi. Rob Roy, yule mwanaukoo mashuhuri kuliko wote, alizaliwa 1671 akiwa MacGregor halali, akafikisha miaka ishirini na ushee akalazimika kutumia Campbell, jina la mama yake. Hata nyumba ya wakuu yenyewe iliishi kwa jina la Murray. Waliposhika tena jina lao na kuja Edinburgh mwaka 1822 kulinda taji na upanga wa Uskoti mbele ya Mfalme George IV, walikuwako watu waliozikwa na majina ya kuazima.

Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyafanyia mtihani na nikafaulu.

Mwaka wangu wa pili nilipata kundi la watu tisa, na kiti cha mbele alikaa mzee kutoka Nova Scotia, jina lake la ukoo Drummond. Tangu Stirling alikuwa anageuka geuka, ana jambo. Mwisho akanieleza kwamba bibi yake, akiwa anamenya viazi jikoni, alikuwa na tabia ya kuwaambia wajukuu: "Sisi si Drummond, tumejificha tu humo. Sisi ni MacGregor." Watoto wakicheka, bibi hanyamazi, anarudia. Mzee akaniuliza, wewe unaonaje?

Nilikuwa na orodha. Ile ile ya majina na koo, iliyopigwa plastiki, nimeibeba mfukoni kama msahafu. Nikaitoa. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia, na maneno haya nayakumbuka moja moja: "Wazee husimulia mengi, baba. Jina lako ni Drummond, na ukoo wako ni Drummond. Una mkuu wako, una tartani yako, una beji yako." Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu. Akasema, "Basi bibi alikosea." Nikasema huenda. Tuliposimama kunywa chai akanunua beji ya Drummond, kipanga aliyetandaza mbawa, akaibana kwenye ukosi wa koti. Mimi ndiye niliyemsaidia kuinyoosha.

Saa sita hivi tukafika Balquhidder. Mnapajua: kanisa kuukuu lisilo na paa, nyasi zenye maji, na kaburi la Rob Roy pamoja na mkewe Mary na wanawe wawili, Coll na Robert. Mnakumbuka maandishi pale: MacGregor Despite Them. Mimi huwa nawafasiria Waswahili wenzangu hivi: MacGregor, wapende wasipende. Yule mzee akasoma kwa sauti. Akaniuliza, "Hao 'wao' ni akina nani?"

Nikaanza. Nilikuwa nimeshaisema habari hiyo mara nyingi mpaka ulimi unakwenda peke yake. Mwaka 1603, mfalme, jina likapigwa marufuku, wakachukua majina ya watu waliokaa nao: Murray, Grant, Stewart, Campbell, Drummond.

Neno lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, nikalisikia wakati uleule alipolisikia yeye. Sikuendelea. Wageni wengine hawakuelewa kwa nini nimenyamaza. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Mzee akaanza kuifungua beji. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, pini imeng'ang'ania sufu ya koti, na nikataka kumsaidia kama asubuhi, nikaona sina haki. Ilipotoka hakuiweka mfukoni. Akanitia kiganjani, akaufunga mkono wangu kwa mkono wake. "Mrudishie mwenyewe," akasema.

Njiani dereva alizima redio bila kuambiwa. Jioni nilikwenda hotelini kwake kuomba radhi. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Aliniambia bibi alikufa akijua hakuna aliyemwamini, na kwamba yeye alikuwa amevuka bahari akiwa na miaka sabini na mmoja ili angalau mjukuu mmoja amwamini. "Na leo asubuhi," akasema, "kwa saa tatu nzima, sikumwamini."

Saa hizo tatu nilimpa mimi.

Msinielewe vibaya. Wapo Drummond wengi ambao ni Drummond tangu mizizi, na ukoo huo una heshima yake. Sikutakiwa kumwambia kwamba ni MacGregor, maana hilo nalo sikulijua. Nilitakiwa kumwuliza bibi alitoka bonde gani, maana bonde hukwambia mengi kuliko jina, kisha nimwelekeze Edinburgh kwenye kumbukumbu za taifa: vyeti vya serikali vinaanzia 1855, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia. Sisi wa pwani tuna bin na binti, tunajua mtu anaweza kuitwa jina la babu, la mlezi, au la bwana aliyemmiliki babu yake, na hatumwambii mtu ukoo wake kwa kusoma kitambulisho. Sijui ni nini kilichonifanya nifikiri huku watu ni wepesi zaidi.

6. Mgeni akikuuliza Afrika Mashariki inahusiana nini na haya yote, usijikune kichwa. Mapokeo yanawaunganisha MacGregor, Grant na MacKinnon kuwa uzao mmoja, Siol Alpin. James Augustus Grant aliyetembea na mpelelezi Mwingereza Speke kutoka pwani yetu mwaka 1860 ndiye aliyeachia jina lake yule swala granti wa mbuga zetu, na stesheni ya MacKinnon Road kati ya Mombasa na Voi inamhusu William Mackinnon wa Campbeltown, mwenye ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Hati tena, mnaona. Mkitaja hizo, taja pia waliokuwa wamekaa kwenye hiyo ardhi.

7. Kuanzia Juni bebeni dawa ya visubi, na ya ziada kwa ajili ya dereva.

Kijana wetu nilimwita jioni ile ile ya Jumamosi, baada ya kufunga. Nikamweleza habari za ngao, akashika kichwa. Kumbe alikuwa anajua mama yule amefikia wapi, tukaenda kwa miguu na beji ya simba kwenye kibahasha. Mama alituelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Akauliza huo mkanda na bizimu maana yake nini, kijana akamweleza bila kutazama karatasi yoyote. Kisha akavuta kiti, akamwuliza mama bibi yake alitoka bonde gani.