Kulala Changi ukisubiri ndege ya asubuhi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kulala uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, bila viza, na kama sigara yako ya kielektroniki italeta shida. Kulala kunawezekana: tiketi ikiwa moja na mizigo imeandikishwa hadi mwisho wa safari, baki eneo la abiria wanaounganisha ndege, ambako kuna sehemu za kupumzikia, lakini tiketi zikiwa mbili tofauti, huenda ukalazimika kupita uhamiaji kuchukua begi, na hapo masharti ya kuingia nchini yatakuhusu.

Sigara hiyo nakusihi uiache nyumbani. Tangu Februari 2018, kuwa nayo tu ni kosa, hata ikiwa imezimwa mfukoni. Pekua pia zipu ndogo za begi, maana kichupa cha kimiminika chake husahaulika humo. Kubwa zaidi ni dawa za kulevya, ambazo adhabu yake hufikia kifo. Kwa hiyo usimbebee mtu kifurushi chochote, hata akiwa jamaa yako wa karibu. Dawa zako za matibabu zibaki kwenye pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari.