Mtoto kumwambia keshia "mimi siendi shule"

Dada yangu, pole, ila nimecheka. Umeuliza ufanyeje mwanao unayemsomesha nyumbani akitangaza dukani kwamba haendi shule, na keshia akakukazia macho kama umemwiba mtoto wa watu. Tulia. Hapo Texas kusomesha nyumbani ni halali, na sheria inaihesabu kama shule binafsi. Hujisajili popote, mradi ufundishe kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. (Mngehamia Ujerumani ningekushauri vingine, kule hawataki hata kusikia.) Kama alikwisha andikishwa shule ya serikali, waandikie barua kwamba umemtoa, utunze nakala.

Sasa mfundishe jibu: "Nasomea nyumbani, mama ndiye mwalimu." Lirudieni kabla ya kutoka, maana watoto hawa! Wa kwangu alimfungulia mleta barua saa nne asubuhi, yuko na pajama, unga mpaka kwenye nyusi. Akaulizwa mwalimu yuko wapi. "Anakaanga maandazi." Ni kweli tulikuwa kwenye somo la hesabu za sehemu, nusu na robo, tunagawa donge la unga robo robo, lakini nani angeamini?

Na daftari lake tembea nalo kwenye mkoba. Keshia akiuliza tena, mwache mtoto amhesabie chenji.