Maswali ya Wafugaji: Ana mimba ya miezi saba na maziwa yanashuka, nimuongezee pumba?

SWALI: Shikamoo mama. Mi niko Kibosho, nina ng'ombe mmoja chotara wa Friesian, alipozaa alikuwa anatoa lita 14 kwa siku ila sahivi ameshuka mpaka 5. Nampa pumba na mashudu ya alizeti kama siku zote, mabingobingo, na maji ndoo mbili, asubuhi moja jioni moja. Dokta alimpima ana mimba, sasa ni miezi saba. Jirani anasema niongeze pumba maziwa yatarudi, na hayo maziwa ndo ada ya mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mimba ndo kuna jibu lako. Usiongeze pumba, acha kumkamua. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 280 na zile 60 za mwisho ni za ndama na za kiwele, kiwele kinajijenga upya kwa ajili ya uzao unaokuja, ukimkamua mpaka azae hakipati huo muda na maziwa ya uzao ujao yanapungua. Najua lita 5 kwa siku 60 ni lita 300 na ni hela. Ila tuseme uzao ujao apungue lita 2 tu kila siku kwa miezi kumi, hizo ni lita 600.

Mi mwenyewe nilimkamua Ayrshire wangu mpaka wiki ya kuzaa, alikuwa bado anatoa lita 8 nikaona uchungu kuacha. Alipozaa dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ikatoka nyepesi nyeupe kama maziwa ya chai, wakati dang'a yenyewe inatakiwa iwe nzito, ya njano, inanata vidoleni. Ndama anazaliwa hana kinga, kinga yake yote iko kwenye ile dang'a ya saa za mwanzo. Wangu akaanza kuharisha siku ya nne, ya sita akafa. Alikuwa jike. Mpaka leo naumia.

Sasa kumkausha, yaani kumuachisha maziwa. Kwanza kamulia michirizi ya mwanzo ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi uangalie, ukiona mabonge mabonge huo ni ugonjwa wa kiwele, mwite dokta amtibu kabla ya kitu kingine. Kama ni safi, kata pumba na mashudu siku chache, mpe majani makavu, halafu acha moja kwa moja, na ile siku ya mwisho ukishamkamua akauke kabisa dokta amuwekee dawa ya kukaushia kwenye kila chuchu. Siku ya pili ya tatu kiwele kitajaa kiwe kigumu na utamuonea huruma, usimguse, maana ule mjazo wenyewe ndo unaoambia mwili uache kutengeneza maziwa. Baada ya wiki hivi kinalegea. Kikiwa chekundu, cha moto, au akagoma kula, hapo usisubiri, mpigie dokta.

Halafu maji. Ndoo mbili za lita 20 ni lita 40, mwanangu hayo ni machache mno! Maziwa ni maji sehemu 87 kati ya 100, ng'ombe wa lita 14 anataka lita 60 na zaidi kwa siku, kwahiyo hata wakati ule anakamuliwa vizuri alikuwa na kiu. Kata pipa nusu, liweke bandani, lisikauke mchana wala usiku, na ule ute wa kijani ulisugue. Mabingobingo nayo yakate yakifika kiunoni, yakikomaa anakula miti tu.

Ikibaki wiki 2 au 3 azae, mrudishie pumba kidogo kidogo. Kuhusu ada, kama una samadi ya ziada wauzie wenye migomba ikusogeze kidogo. Na akipandishwa tena andika tarehe kwa mkaa ukutani, hesabu siku 220, hiyo ndo siku ya kuacha kukamua.