1HZ iliyofanyiwa ovahoo: pandisha oili kwanza

Ndugu, umeuliza kama 1HZ (injini ya dizeli ya Toyota Land Cruiser) uliyoifanyia ovahoo, ikakaa stoo miezi 2, unaweza kuifunga kwenye gari na kupiga stata moja kwa moja. Tafadhali usifanye hivyo. Oili uliyopaka kwenye beringi imeshachuruzika, na pampu ya oili iliyokauka hukawia kuvuta. Sekunde hizo chache zinatosha kukwaruza krenki, yaani shafti kuu ya injini.

Mimi hutumia bomba la kunyunyizia dawa shambani, lakini liwe jipya, halijawahi kutiwa dawa. Litie oili safi, fungua na utoe swichi ya presha ya oili kwenye bloku, unganisha mpira kwenye tundu lake, kisha upige pampu. Mwenzako azungushe krenki taratibu kwa spana, upande wake wa kawaida. Kava ya juu iwe wazi: endelea mpaka uone oili inatoka kwenye kemshafti, shafti ya juu inayofungua valvu. Halafu pima stiki, maana oili yote hiyo imeshukia sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Drili wanayotumia Wamarekani kuzungusha pampu ya oili ni ya V8 za zamani za Chevrolet, ambazo pampu yake huzungushwa kupitia shafti ya distribyuta. Kwako haitafaa.

Ukishaifunga, chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli ili injini isiwake, piga stata sekunde 10, ipumzishe, rudia hadi mshale wa geji ya presha ya oili upande juu. Ndipo urudishe waya.